Chupa Kumi na Mbili za Maji Matupu

Emerensiana Haule ana miaka hamsini na mmoja, baiskeli ya kike iliyokwisha kupakwa rangi mara tatu, na kazi ambayo ndugu zake wa Lizaboni wameshindwa kuieleza msibani. Mtu akiuliza huyu mama anafanya kazi wapi, wao hujibu kwamba yuko maabara, na muulizaji huitikia kwa heshima akidhani ni maabara ya kupima malaria. Siku moja alijaribu kuieleza mwenyewe. Alisema kazi yake ni kuchukua kipande cha mzizi wa mkorosho na kukifanya kisionekane. Shemeji yake alilitafuna neno hilo pamoja na ugali, kisha akauliza kama isingekuwa rahisi zaidi kukitupa tu.

Shemeji hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa kusema mapema kile ambacho wasomi walikuja kukifanya baadaye.

Kituo anachofanyia kazi Emerensiana kiko upande wa Ruhuwiko, nyumba mbili ndefu za bati la bluu zilizojengwa kwa ajili ya magonjwa ya mazao. Katika chumba cha mwisho inakaa hadubini ya leza, ile wanayoiita konfokali. Ilikuja ndani ya sanduku kubwa kuliko chumba cha kupanga cha Bombambili, ikakatiwa utepe, ikasomewa sala na dua, ikapewa kiyoyozi chake peke yake. Wafanyakazi hawana kiyoyozi, ila wao hawaharibiki kwa joto. Mlangoni kuna kibao cha shaba chenye majina ya watu kumi na tisa waliohudhuria siku ya utepe. Jina la anayeiandalia hadubini hiyo chakula chake halimo, kwa kuwa siku ile alikuwa jikoni akigawa soda.

Chakula ndicho shida ya hadubini hiyo. Ina uwezo wa kutazama ndani ya kitu tabaka kwa tabaka, kama mtu anayesoma kitabu bila kukifungua: leza inagusa kina kimoja, inachora picha, inashuka kidogo, inachora tena. Lakini ipe mzizi mbichi uone. Mzizi mbichi ni kama ukungu wa asubuhi ya Juni hapa Songea. Taa ya bodaboda inaupiga, mwanga unatawanyika, na dereva haoni hata tairi lake la mbele. Leza nayo inaingia kwenye ngozi ya mzizi, inapotea njia, na hadubini ya fahari inakuonyesha ganda.

Dawa yake Emerensiana huieleza kwa gazeti la kitumbua. Karatasi kavu haionyeshi kitu. Ikinywa mafuta, unasoma habari za upande wa pili. Karatasi haijaondoka, ni mwanga tu umeacha kugongana nayo. Mzizi nao hutakiwa kunywa hivyo hivyo. Kwanza anaulaza katika dawa ya kuuzuia kuoza, anaukata kwa wembe vipande vya urefu wa kucha, anauosha, halafu anauloweka katika maji yenye vitu vitatu: urea, ile ile inayomwagwa kwenye mahindi, chumvi itokayo kwenye nyongo ya ng'ombe, na sukari ile ya ubani wa kutafuna usioozesha meno. Anabadilisha maji hayo kila baada ya siku mbili. Wiki ya kwanza mzizi unapauka, wiki ya pili unakuwa kama kamasi, na kufikia wiki ya nne, kama hakuna aliyeharakisha, unatazama ndani ya chupa na huoni kitu. Hapo ndipo kazi imekamilika, na hapo ndipo mtu anapoonekana hajafanya kazi.

Mwaka huu chupa zilikuwa kumi na mbili, na mizizi iliyokuwa ndani ilikuwa ya Bi Ashura wa Tunduru.

Bi Ashura ni mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mikorosho kumi na miwili iliyopakana na shamba la jirani. Mikorosho ya jirani ilikufa kwa mnyauko, ugonjwa wa kuvu inayopanda kutoka mizizini na kuziba njia za maji mpaka mti unakauka umesimama. Kamati ya kijiji ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba na ya Bi Ashura ing'olewe na kuchomwa ifikapo tarehe thelathini Juni, tahadhari. Kipimo cha kawaida kilikuwa kimeshajibu kwamba kuvu ipo kwenye mizizi yake. Ipo wapi, hakikusema. Kama ilikuwa imekaa kwenye ganda tu, kama mgeni barazani, miti ingeweza kutibiwa udongo na kuishi. Kama ilikuwa imeshaingia kwenye mishipa, hakuna dua. Swali hilo ni hadubini ya leza pekee ingeweza kulijibu, na kamati ilikubali kusubiri jibu mpaka tarehe ile ile na siyo siku moja zaidi.

Emerensiana alikwenda kuchimba mizizi mwenyewe katikati ya Mei. Bi Ashura alimfuata mti kwa mti na kanga yake begani, akimtania kwamba Wangoni wa zamani walikuja Tunduru kuchukua watu na siku hizi wanakuja kuchukua mizizi, afadhali kidogo. Walipofika mti wa saba aliacha utani. Akasema huo ulipandwa na marehemu mumewe mwaka waliooana, na akaomba uchimbwe kwa adabu. Emerensiana akauchimba kwa mikono.

Tangu hapo kila Alhamisi simu ililia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mizizi inasemaje?"

"Bado inaoga, mama."

"Inaoga siku zote hizo? Kwani inaolewa?"

Sasa inafaa aelezwe Daktari Pankrasi Ngonyani, mkuu wa maabara. Ana umri wa miaka thelathini na minane, si daktari wa sindano. Alikaa ng'ambo miaka minne akisomea mambo ya kutazama vitu visivyoonekana, akapata shahada ya juu kabisa katika fani hiyo, akarudi na koti refu. Ni mtu mwenye sarufi yake mwenyewe. Kazi ikifanikiwa husema "sisi", ikiharibika husema "ninyi", na ikiwa bado haijulikani itaendaje husema "Mama Emerensiana". Mikono yake haijawahi kugusa nyongo ya ng'ombe, lakini ameizungumzia vizuri mno katika nchi tatu.

Daktari alikuwa na ugomvi mmoja tu na Emerensiana, nao ulihusu nyuzi. Mtu akikaa miaka ishirini na kuloweka vitu mpaka vitoweke, hujifunza kuviwekea alama kabla havijatoweka. Mama yake Emerensiana alikuwa na kuku waliochanganyika na kuku wa nyumba tatu, na kila kuku wake alikuwa na uzi mweusi mguuni. Jioni hakuna aliyegombana na mtu. Basi Emerensiana naye alinunua uzi mweusi kwa Suzana, fundi cherehani wa Bombambili, akaufunga kwenye kila kipande cha mzizi, na kwenye uzi akapiga mafundo: mti wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, hadi kumi na mawili. Uzi mweusi haulainiki kwa nyongo wala sukari. Mzizi ukitoweka, uzi unabaki umejikunja chini ya chupa, na vidole vinaweza kuusoma hata umeme ukikatika. Uzi mwingine kama huo aliufunga nje, shingoni mwa chupa.

Daktari aliona nyuzi za shingoni akasema hii ni maabara, siyo banda la kuku. Alama, alisema, zinatakiwa zitoke kwenye mashine ya kuchapa. Emerensiana alikumbusha kwa upole kwamba mashine ya kuchapa haina wino tangu Februari. Daktari akajibu kwamba suala la wino liko kwenye mchakato. Nyuzi za shingoni zikaondolewa siku hiyo hiyo. Chupa kumi na mbili zikabaki uchi juu ya meza ya dirishani, zimefunikwa blanketi kuukuu la mtoto kwa sababu ya baridi, maana dawa ile ikipata baridi huganda kama mchuzi wa kongoro.

Ijumaa moja, siku kumi na nane kabla ya tarehe ya kamati, wageni walikuja.

Walikuwa wanne, kutoka makao makuu na kwa wafadhili, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye miwani aitwaye Rosemary Kapinga. Kwa wiki nzima kituo kilikuwa kimepata ugonjwa wa usafi. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Nyasi zilikatwa hadi zikaonyesha ardhi. Mbwa wa mlinzi alifungwa nyuma kwa kosa la kukonda. Asubuhi Daktari alimwita Emerensiana kwa jina lake kamili na kumwomba aende Bombambili kuchukua kitambaa cha meza kwa Suzana na maua popote yatakapopatikana, kwa sababu, alisema, mambo hayo yanahitaji jicho la mtaalamu. Emerensiana alitazama chupa zake. Mizizi ilikuwa imetoweka yote, safi kama machozi. Jumatatu angeanza kuitia rangi ile inayoshika kuvu tu na kuwaka kijani chini ya leza. Wiki moja ya rangi, siku mbili za hadubini, na Bi Ashura angepata jibu lake kukiwa na karibu wiki nzima imebaki. Akazifunika blanketi, akapanda baiskeli.

Suzana hakuwa amemaliza pindo. Maua nayo hayakuwepo, isipokuwa ya plastiki yaliyoandikwa "pole". Alirudi karibu saa nane mchana na kitambaa begani, akaingia chumba cha mikutano kwa mlango wa nyuma ili akitandike. Kulikuwa na kitambaa kingine kimeshatandikwa, shuka la Daktari mwenyewe, na juu yake vyombo vimepangwa kwa ustadi, kimoja mbele ya kila kiti. Vilikuwa chupa za mdomo mpana, zinang'aa, zimejaa karanga za kukaanga.

Alizihesabu. Zilikuwa kumi na mbili.

Wapo watu ambao wangepiga kelele. Emerensiana aliweka kitambaa juu ya kiti, akakilainisha makunyanzi, akatoka kumtafuta Muhsini. Muhsini ni mhudumu wa kituo, mtu wa makamo, mtiifu kupita kiasi, na siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza anarudi msikitini, kofia ikiwa bado kichwani.

"Muhsini, chupa za dirishani ziko wapi?"

"Zile tupu? Ziko mezani, dada. Zina karanga."

"Nani alisema ni tupu?"

"Daktari. Alizinyanyua mwenyewe kwenye mwanga, moja moja. Akasema humu mna maji na takataka za uzi, kaoshe."

Alizinyanyua kwenye mwanga. Mtu aliyepewa shahada kwa kutazama visivyoonekana alizitazama moja moja, mara kumi na mbili, na hakuona kitu. Ndiyo sifa kubwa zaidi ambayo kazi ya Emerensiana imewahi kupata, na aliyeitoa hakujua.

"Na maji yake, Muhsini?"

Muhsini alianza kuona kwamba jambo si dogo. Akaeleza polepole, kama anayetoa ushahidi. Alikumbuka dada alimkataza kumwaga vitu vya maabara kwenye sinki bila kuuliza. Dada hayupo, wa kumuuliza hakuna. Basi akayamimina yote kwenye ndoo ya kudekia, yenye maji nusu na sabuni kidogo, akipanga kudekia ukumbi ili yasipotee bure. Kabla hajalowanisha tambara, adhana ikamkuta.

"Ndoo iko wapi?"

"Stoo. Sijaigusa, Wallahi."

Stoo ilikuwa na dirisha dogo. Emerensiana alipiga magoti, na kabla ya kutazama alinusa. Kama Muhsini alitia dawa ya kung'arisha vyoo, basi imekwisha kula kila kitu, kuvu na mzizi na miti ya mtu. Ikanukia sabuni ya unga tu. Ndipo akatazama, na ndani ya maji ya kijivu akaviona vipande vyeupe vimelala chini kama punje za mahindi, kila kimoja na uzi wake mweusi.

Kwa maana dawa ile ina tabia moja ambayo Daktari ameieleza vizuri mno katika nchi tatu: mzizi ulionyweshwa ukatoweka, ukirudishwa kwenye maji ya kawaida, unarudi. Saa moja au mbili tu, ukungu wake unaurudia na unaonekana tena. Kama Muhsini angekuwa na haraka, mizizi ingekuwa imekwenda na tambara. Kama angeyamwaga kwenye sinki, ingekuwa imeshafika mto Ruvuma. Ijumaa ile miti ya Bi Ashura ilikuwa salama ndani ya ndoo ya kudekia kwa sababu mtu mmoja alikwenda kuswali.

Alivitoa kwa vidole, kimoja kimoja, akisoma mafundo na kumpa Muhsini ashike kwenye sahani. Matatu. Kumi na moja. Moja. Matano. Vilipokwisha alipapasa ndoo mara tatu, akakung'uta na tambara. Vilikuwa kumi na moja.

"Upi haupo?" aliuliza Muhsini.

"Wa saba."

Ukumbini wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Daktari alisimama mbele ya ukuta wenye picha, koti refu limefungwa vifungo vyote, akieleza kwamba sampuli za Tunduru zimekamilika kimaandalizi na ziko tayari kwa hatua zinazofuata. Mlango ulipofunguka na Emerensiana akaingia, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, Daktari hakukosa neno. Akasema huyu ndiye mama yetu, anatusaidia upande wa vyombo na chai.

Emerensiana aliwapa wageni pole ya safari. Mama Rosemary alikuwa ameshatia vidole kwenye chupa yake. Mzee mmoja wa makao makuu alikuwa anatafuna.

"Samahanini wageni wetu," alisema. "Naomba msile hizo karanga. Mpaka leo asubuhi hizo chupa zilikuwa na nyongo ya ng'ombe na mbolea."

Taya la mzee lilisimama. Daktari alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Hakuna aliyecheka naye. Emerensiana alikuwa ameshaanza kazi: alichukua chupa ya kwanza, akamwaga karanga kwenye sinia, akapitisha kidole chini. Ya pili. Ya tatu. Aliomba radhi kwa kila mgeni alipomfikia, kama anayepitisha maji ya kunawa. Chupa ya tisa ilikuwa ya Mama Rosemary. Chini kabisa, umejibana kwenye kona ya kioo ambako kitambaa cha Muhsini hakikufika, ulikuwepo uzi mweusi. Alihesabu mafundo kwa ukucha. Saba.

Kipande kilikuwa kimegandiwa na chumvi ya karanga. Upande mmoja kilikuwa kimeanza kupauka, upande mwingine bado kilikuwa kioo, hivyo kwamba Mama Rosemary, aliyekuwa ameinama kuangalia, aliona mzizi unaoanzia katikati.

"Na nusu yake iko wapi?" aliuliza.

"Iko hapo hapo, mama. Weka kidole utaigusa."

Mama Rosemary akagusa. Akavua miwani, akaifuta, akagusa tena. Emerensiana aliomba glasi yake ya maji ya kunywa, akakitumbukiza kipande kwa uzi wake, akaiacha glasi mezani. Akaeleza kwa sentensi tatu mizizi hiyo ni ya nani, kamati itafanya nini tarehe thelathini, na kwamba sasa inabidi ioshwe na kulowekwa upya: mzizi wenye ugumu wa mti, siyo chini ya wiki mbili, na rangi wiki moja. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na nane. Hakusema nani alizinyanyua chupa kwenye mwanga. Muhsini alikuwa mlangoni ameshika sahani, na uso wake ulisema.

Daktari Pankrasi ni mtu wa kusifiwa kwa jambo moja: haanguki hata akisukumwa. Alisema kwamba wageni wamejionea wenyewe kiwango tulichofikia. Uangavu umefanikiwa kiasi kwamba hata yeye mkuu wa maabara hakuweza kuona kitu. Akaendelea na picha zake kwa saa moja na nusu. Lakini hakuna aliyetazama ukutani. Wote wanne walikuwa wanatazama glasi, ambamo mzizi wa marehemu mume wa Bi Ashura ulikuwa unarudi polepole, kwanza kama moshi, kisha kama maziwa, na Daktari alipofika kwenye shukrani ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Barua ya kuomba kamati iongeze mwezi mmoja Emerensiana aliiandika kwa mkono, suala la wino likiwa bado kwenye mchakato. Aliiweka mbele ya Daktari wakati wageni wakiaga. Siku nyingine angeambiwa aiache mezani itashughulikiwa. Daktari aliisaini papo hapo huku akitabasamu kama mtu anayepigwa picha, na ni kweli alikuwa anapigwa picha.

Alhamisi iliyofuata Emerensiana alimweleza Bi Ashura yote, hata ndoo. Bi Ashura akauliza huyo Muhsini ni mtoto wa nani, amwombee.

Kamati ilikubali, baada ya chai. Mizizi ikaoga upya, chini ya blanketi, safari hii kabatini, na ufunguo ukining'inia shingoni mwa Emerensiana pamoja na rozari. Ilitoweka kwa mara ya pili. Ikatiwa rangi. Katikati ya Julai alikaa siku mbili kwenye chumba chenye kiyoyozi, amevaa sweta mbili, akishuka tabaka kwa tabaka ndani ya miti ya mtu mwingine.

Mti wa kwanza: kuvu ipo kwenye ganda, kijani kama utandu wa buibui, na ndani mishipa ni mitupu, mirefu, misafi, mfano wa mabomba ambayo maji yamepita asubuhi hiyo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Wa sita. Kwenye wa saba alishuka ganda, akashuka nyama, akafika kwenye mishipa, na mishipa ilikuwa inawaka. Kijani kilikuwa kimejisuka ndani yake kutoka ukuta hadi ukuta kama sufi iliyoshindiliwa ndani ya mto wa kulalia. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchukua maishani mwake. Aliichukua mara tatu akiomba awe amekosea, akahesabu mafundo tena kwa ukucha, kisha akaendelea na wa nane, kwa sababu kulikuwa na mingine mitano ya kujibiwa. Yote mitano ilikuwa mizima.

Hakusubiri Alhamisi. Alipiga yeye, mchana, ameegemea baiskeli nje ya jengo.

"Kumi na mmoja, mama. Kumi na mmoja inaishi."

Bi Ashura alikuwa mwepesi wa hesabu.

"Ni ule?"

"Ni ule, mama."

"Umeuona kwa macho yako? Siyo huyo bwana mkubwa wako anayeona chupa tupu?"

"Kwa macho yangu."

Upande wa pili palisikika kuku, na mtu akitwanga.

"Basi kamati isiuguse," alisema Bi Ashura. "Nitaushika shoka mimi na wanangu. Waje waone majivu."

Picha ya mti wa saba ilikuzwa ikafika urefu wa mlango, ikawekwa kwenye fremu ukumbini pa kituo. Wino, kumbe, ulipatikana. Chini yake limeandikwa jina la Daktari Pankrasi, la wafadhili, na la hadubini. Wageni hupenda kupiga picha mbele yake. Husema inafanana na kitenge. Kwenye kona ya chini kulia kuna kivuli kinene cheusi ambacho Daktari aliagiza kikatwe kwa kuwa kinaharibu. Emerensiana alijibu kwamba mashine haikati hapo. Mashine inakata popote.

Mwezi wa Novemba, korosho zilipoanza kudondoka, Bi Ashura alikuja Songea na mfuko wa korosho za miti kumi na mmoja, fungu la Emerensiana na fungu la Muhsini, yakiwa yamefungwa mbalimbali. Alisimama mbele ya picha akiwa bado na vumbi la safari. Akauliza kama ndiye huyu. Emerensiana akasema ndiye. Bi Ashura akaitazama kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayetazama jamaa aliyevalishwa nguo asizozizoea. Kisha akaweka kidole kwenye kile kivuli cheusi.

"Na hiki?"

"Uzi wangu, mama."

"Wa kuku."

"Wa kuku."

Hapo ndipo Daktari Pankrasi alipotokea kwenye korido, koti refu, haraka ya mtu mwenye mkutano. Akaona mama mzee amesimama mbele ya picha na akahisi wito wa kuelimisha umma. Bila salamu, akaanza kueleza: tabaka, leza, kina, uangavu wa tishu, jinsi sisi tulivyofanikiwa kuona kile ambacho jicho la kawaida haliwezi kukiona. Alieleza vizuri mno. Bi Ashura alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, bila kumkatiza.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia.

Masikio ya Daktari yaliiva. Muhsini, aliyekuwa anadeki korido, aliinama zaidi juu ya ndoo yake.